Kazi Yake Hairudi

Nilipika chakula miaka mingi mkabala na gereji yake, pale Mikumi malori yanaposimama kabla ya kupanda kwenda Iringa. Kwa hiyo anayetaka kumsifu huja kwangu, na anayetaka kumsema huja kwangu vilevile. Wote nawaambia wakae kwanza. Habari za mtu yule huwezi kuzimaliza umesimama.

Jina lake sitaliandika. Watoto wake wapo na hawajanikosea. Sisi tulimwita Fundi, basi, na ukisema Fundi pale Mikumi hakuna aliyeuliza fundi yupi, ingawa mafundi walikuwepo wengine.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ovaroli lake amelifunga vifungo mpaka shingoni hata jua likiwa la kuunguza. Redio hakuitaka gerejini. Mteja akija na redio yake aliambiwa aizime au aende nayo kwangu, kwa sababu Fundi alifanya kazi kwa masikio. Alikuwa na bisibisi moja ndefu. Ncha yake aliiweka juu ya injini inayounguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kimya mpaka mwenye gari anaanza kuona aibu, kama mtu anayesikilizwa moyo na daktari mbele za watu. Halafu alifumbua macho na kusema kilichoharibika, na kikifunguliwa, ndicho.

Mtu akifika na kusema, "Fundi, nozeli zangu zimekufa," alimkatiza hapo hapo. "Usiniambie gari lina nini. Niambie linafanya nini." Neno hilo nimelisikia mpaka nikawa naota nalo. La pili alilipenda zaidi, "Kazi yangu hairudi." Maana yake gari likitoka kwake halirudi na ugonjwa ule ule. Aliwaambia wateja, aliwaambia mafundi wenzake, aliniambia mimi nikimpa chai. Na kwa muda mrefu ilikuwa kweli. Lazima niseme hivyo.

Usafi wake ulinishinda. Hakushika tonge na kucha nyeusi. Alinawa kwa mafuta ya taa na mchanga, akanawa tena kwa sabuni, akajifuta, ndipo akavuka barabara kuja kula. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa ya kupanga foleni, alinawa kwa majivu ya mafiga yangu. Aliniomba kwa adabu, kisha akiisha kushiba akaniambia chai yangu inafaa kuoshea spana.

Hapo nieleze, maana vijana wa siku hizi hawajui. Mimi Msagara, yeye Mnyamwezi. Babu zake walipita katika milima yetu na mizigo kichwani kwenda pwani, na wakapatana na babu zetu, wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na usikasirike. Anaweza kubeba kuku wako. Hamwamkiani kwa shikamoo hata mmoja akiwa na mvi, maana shikamoo ni ya watu wanaoheshimiana kwa umri, na watani wanaheshimiana kwa namna nyingine. Mimi nilimwita mpagazi. Akivuka barabara nilisema, "Mpagazi, mzigo umeutua wapi leo?" Naye alijibu, "Nimeutupa mlimani kwenu, Wasagara wameukimbia wakidhani ni kazi." Wateja walicheka, chakula kikaisha.

Alipofariki kaka yangu kule Munisagara, Fundi alifunga gereji akaja. Tulipotaka kutoa jeneza alilala chini mlangoni na ovaroli lake, akasema marehemu haendi popote, alimuahidi jogoo na hajampa. Mama yangu, ambaye alikuwa hajala wala kusema tangu msiba uingie, alicheka mpaka machozi yakabadilika ladha. Jogoo akatolewa. Fundi akaamka, akajipangusa vumbi, akashika upande mmoja wa jeneza na hakuuachia mpaka kaburini. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Anakusemea maumivu kwa mdomo wa mzaha.

Alikuwa na roho nzuri, sikatai. Binti yangu aliposhikwa na uchungu masika, mtoto amekaa vibaya, mkunga akainua mikono, barabara ya Kilosa ilikuwa uji mtupu. Fundi alikuwa na gari la mteja, limeletwa kubadilishwa klachi. Hakumwuliza mwenyewe. Alimlaza binti yangu nyuma juu ya godoro langu, akaendesha kupita kijiji cha Ulaya huko kwenye matope ambayo matrekta yalikwama, na tukafika hospitali ya Kilosa mchana mweupe, binti yangu bado ana pumzi. Mjukuu aliyezaliwa siku ile ndiye anayenisahihishia herufi hapa, maana mimi shule niliiacha darasa la pili. Nilipotaka kumshukuru Fundi alisema, "Nilikuwa naijaribu klachi."

Mtoto mmoja aliniokolea. Wa pili ndiye ninayemwandikia haya.

Wakati wa shida Fundi alikuwa mfalme. Spea hazikuwepo. Gasketi alizikata kwa boksi la karatasi, bushi alizichonga kwa tairi kuukuu, na malori yaliondoka. Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Sukari ikarudi, sabuni ikarudi, mitumba ikaingia, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kushuka bandarini kama mvua. Mtu ambaye jana alikuwa na baiskeli leo ana lori dogo. Kila mmoja alitaka lake livute kuliko la jirani. Fundi naye akaweka rafu, akapanga vyuma alivyovifungua kwenye magari yaliyopata ajali, akawa anauza. Nilimwambia, "Mpagazi, sasa umekuwa duka." Akacheka. Lakini nilianza kumwona anazungumza na wateja kabla ya kuweka bisibisi sikioni. Zamani alikuwa anasikiliza kwanza.

Mmoja wa wateja hao tulimwita Tajiri. Alinunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, akavipeleka Kilosa stesheni vipakiwe kwenye treni. Alikuwa na lori dogo la mtumba, na dereva wake alikuwa mwanangu Elia.

Elia alikuwa kijana wa maneno machache. Gari la mtu aliliosha kama la kwake. Tangu mdogo alitaka usukani, si jembe, na alianzia utingo, akala vumbi, mpaka akapewa leseni na gari. Nilikuwa nikimwona anapunguza mwendo mbele ya kibanda changu ili vumbi lisiingie kwenye vyungu vyangu, namwona hivyo mpaka leo.

Tajiri alichukia kupitwa pale kwenye kona za Iyovi, njia inapopanda. Akamwambia Fundi anataka nguvu. Fundi akaenda kwenye rafu yake akatoa tabo. Tabo ni kile chombo kilichojikunja kama konokono wa chuma. Moshi wa injini unakizungusha, nacho kikizunguka kinasukuma hewa ndani, dizeli inaungua vizuri, gari linavuta. Lori la Tajiri lilikuwa na tabo yake ndogo iliyokuja nalo. Hii ya kwenye rafu ilikuwa imetoka kwenye lori kubwa lililoanguka, kubwa kama kichwa cha ndama. Fundi alichonga bomba jipya, akaifunga, akasema kazi yake hairudi. Kwenye tambarare, barabara ya mbugani, lori lilipaa. Tajiri alizunguka mji mzima kusimulia.

Lakini Elia alirudi na uso umejikunja. Aliniambia mimi kwanza, akila. Kwenye mlima, na mzigo, akibadilisha gia, anakanyaga mafuta na gari halina habari. Moshi mweusi unatoka nyuma kama wa tanuru. Anabaki amekanyaga, anasubiri, lori linataka kusimama, halafu ghafla linashika na kuruka kama punda aliyechapwa. Ili asisimame kwenye kona ilimbidi apande kwa gia ndogo, injini inalia mwanzo mpaka mwisho. Dizeli ilikuwa inakwenda kama inamwagwa.

Akamweleza Fundi hivyo hivyo, linafanya nini, kama Fundi alivyotaka kuelezwa siku zote.

Siku ile Fundi alifanya kazi vizuri, na ndiyo maana sijamsamehe. Angefanya ovyo ningesema hakujua. Aliazima kopo langu, akakoroga sabuni, akapaka povu kwenye mipira yote inayopeleka hewa, huku Elia ndani anakanyaga mafuta. Palipotoboka pangetoa mapovu. Hapakutoa. Akakaza klampu zote hata hivyo. Akatoa chujio la hewa, akalipiga kwenye goti, safi. Akapitisha kiganja karibu na maungio ya ekzosi kabla ya tabo, kuona kama moshi unavuja ukapoteza nguvu njiani. Hauvuji. Akafungua bomba, akaingiza kidole, akazungusha kipangaboi cha tabo, kikazunguka laini bila kugusa ukuta. Kila alichokigusa kilikuwa kizima.

Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, maana lori lile lilikuwa ugali wa mwanangu. Nikasema kwa sauti, kama tulivyozoea, "Mpagazi, unatafuta nini kwenye mipira? Umebandika sufuria la harusi kwenye mafiga ya chai, na kuni ni zile zile. Litachemka, sikatai, ila wageni watakuwa wameshaondoka."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, lakini alinyamaza kabla ya wengine. Akaitazama ile tabo. Nilimwona anaitazama. Mimi sijui injini, lakini najua uso wa mtu aliyeonja mboga yake akagundua ameweka chumvi mara mbili na wageni wamekaa.

Tajiri akafika. Akauliza gari lina nini. Fundi angeweza kusema neno moja tu, kwamba tabo ni kubwa kwa injini hii, nirudishe ile ndogo. Ile ndogo ilikuwa kwenye rafu, nyuma ya kichwa chake. Badala yake akasema, "Gari zima. Mtazame dereva."

Msomaji asiyejua biashara ya malori aelewe. Ukimwambia mwenye lori kwamba gari ni zima, na dizeli inakwisha kabla ya safari, umemwambia dereva anauza dizeli njiani. Huhitaji kuongeza. Tajiri alimgeukia Elia, pale pale mbele ya wateja wangu.

"Mafuta yangu unamuuzia nani?"

"Bosi," Elia akasema, "muulize Fundi nimemwambia nini."

Wote tukamtazama Fundi. Alikuwa ameshainama kwenye beseni, ananawa. Mafuta ya taa, mchanga, kisha sabuni. Alinawa polepole mpaka Tajiri akanyoosha mkono, na Elia akaweka ufunguo kwenye kiganja chake.

Mikumi ni mji wa barabara. Dereva aliyeitwa mwizi wa dizeli hapewi usukani hata wa mkokoteni. Elia alikwenda kwa mwenye gari huyu na yule, wakamwambia ataitwa. Utingo walimwita Kidumu, kile cha kubebea dizeli ya wizi. Hakugombana nao. Siku moja alikunja nguo zake, akasema anakwenda Tunduru kwenye mawe ya vito, wanasema kuna watu wanapata. Huko ndiko aliko. Anachimba, ameoa, ana watoto. Salamu huleta Krismasi akimpata mtu wa kumtuma. Mwenyewe hajakanyaga Mikumi tena, na wale watoto wake sijawaona.

Dereva aliyemfuata alilalamika hivyo hivyo. Aliyefuata naye. Ndipo lori lilipoletwa tena gerejini, na mimi nilikuwa mkabala, na macho yangu yalikuwa mazima. Nilimwona Fundi anafungua tabo kubwa. Nilimwona anachukua ndogo kwenye rafu, anaifuta vumbi kwa kitambaa, anairudisha ilikotoka. Lori likaenda Iyovi likarudi bila moshi. Tajiri akaambiwa limefanyiwa sevisi.

Nilivuka barabara. Sikuwahi kuvuka, siku zote yeye ndiye aliyevuka. Gerejini palikuwa na watu wengi, na nikashukuru, nikidhani watakuwa mashahidi. Nikasema, "Umetoa ulichokiweka. Ulijua tangu siku ile ya sabuni. Mwanangu hakuiba dizeli, ulimtoa sadaka ili kazi yako isirudi."

Nadhani kwa pumzi moja hivi angeweza kuwa mtu. Halafu akatupa kitambaa begani, akasema, "Jamani, mtani wangu leo amekula pilipili za nani?" Akaniponyoka pembeni, akavuka barabara mbio na miguu yake mirefu, akaingia kibandani kwangu, akatoka na chapati mbili, moja mdomoni. Gereji nzima ikaangua kicheko. Mtu alinipigapiga mgongoni, akasema sisi watani tunajua kutukanana.

Nilisema tena kwamba sitanii. Wakacheka zaidi, maana mtani hodari ndivyo anavyosema.

Nikaenda kwa Tajiri. Akaniambia, "Mama, utani wenu na Fundi mimi siuingilii." Nikaenda kwa mzee wa nyumba kumi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama Fundi ameshalipa zile chapati, na mke wake akacheka jikoni. Nikajua hapo kwamba hakuna mtu Mikumi nzima atakayenisikia. Miaka yote nilimwita mwizi, mpagazi, muongo, mla vya watu, kwa kicheko. Nilipotaka kumwita muongo kwa kweli, neno lilikuwa limekwisha makali. Na yeye alilijua hilo akajificha humo.

Akaendelea kuja kula. Nilimpikia, biashara ni biashara, ila mpagazi sikumwita tena. Yeye alitania peke yake. Wageni hawakugundua.

Na hiki ndicho kinachonichoma kuliko vyote. Miaka baadaye akaja kijana na gari dogo, anataka tabo kubwa, ameona mjini. Fundi alikaa naye kibandani kwangu, akamweleza kwa upole wote, "Utakanyaga utasubiri. Injini yako ndogo haina moshi wa kuizungusha. Ni kama kubandika sufuria la harusi kwenye mafiga ya chai." Kijana akamshukuru, akasema Fundi ana hekima. Maneno yangu. Aliyaokota siku ile aliyomwangamiza mwanangu, akayaweka kwenye rafu, akawa anawagawia watu. Nilikuwa nimeshika birika. Nililiweka chini, nisije nikafanya kitu.

Nilifunga kibanda magoti yalipokataa, nikahamia Kilosa kwa binti yangu. Mwaka juzi mjukuu wangu akaniambia Fundi yuko Kilosa, ameletwa kwa binti yake nyuma ya stesheni, hali si nzuri. Yeye alitaka kwenda. Anajua kwamba bila gari lile lenye klachi mbovu asingekuwepo. Sikumkatalia. Tukaenda asubuhi, na unga kidogo, kama watu.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, ovaroli limefungwa mpaka shingoni, limemzidi. Binti yake alituambia tuongee kwa nguvu, baba hasikii. Masikio yale. Kucha zake zilikuwa nyeupe kabisa. Aliponiona alifurahi, akanyoosha shingo kama zamani.

"Msagara! Umekuja kuniibia kiti?"

Nilisimama mbele yake, nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa kwa wakubwa, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka relini, "Shikamoo, mzee."

Kicheko kilimkauka. Akatazama mikono yake.

"Sisi ni watani," akasema. "Unaniamkiaje?"

Nilisubiri, na shikamoo yangu ikasubiri nayo, maana ya mtu mzima haiachwi hewani. Mwishowe akasema, "Marahaba."

Tukakaa. Mjukuu wangu akampa unga binti wa Fundi, wakaenda ndani. Fundi akavuta kiti karibu. Hakujua tena kupima sauti yake, hivyo alichodhani ananong'ona kilikuwa cha nyumba nzima.

"Yule kijana alikuwa dereva mzuri."

"Nilijua," nikasema. "Wa kuambiwa alikuwa Tajiri."

"Tajiri amekufa."

"Elia hajafa. Yuko Tunduru. Wanaotoka huku wanakwenda, na wewe mdomo unao."

Akapapasa magoti kama anayetafuta kitambaa. Nilitaka aseme nitamtumia neno. Ningemsaidia, ningelibeba mwenyewe neno hilo na magoti yangu haya. Kisha akainua uso, na nikaona ule uso wa chapati unarudi, umezeeka lakini ni ule ule.

"Nikifa utakuja? Ulale mlangoni, uwazuie kunitoa. Useme nina deni la jogoo."

"Nitakuja kama jirani," nikasema. "Nitakaa na wanawake, nitaosha vyombo. Mlangoni utapita bila kuzuiwa."

Alisikia. Nilisema kwa nguvu, na alisikia. Nikainuka, nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia mzee tunaondoka, abaki salama. Tulipokuwa tumeshafika njiani, nyuma ya ua wa matete, nikasikia sauti yake kubwa ya kiziwi ikimwambia binti yake, "Mtani wangu ameniamkia shikamoo."

Binti akaangua kicheko. "Huyo bibi anajua utani," akasema.

Nilisimama nisikilize. Yeye hakucheka.